Ukurasa Ambao Sheikh Ghailani Hakuuandika

Enyi ndugu zangu katika imani, inasimuliwa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika bonde moja liitwalo Wadi Khusaibu waliishi watu wa koo mbili, Banu Dhari na Banu Aslafi. Mfereji mmoja wa maji uliwapitia wote, Banu Dhari juu na Banu Aslafi chini, na kwa ajili ya maji hayo walikuwa wameuana kwa miaka mingi. Fitina zao hazikuanza na upanga. Zilianza na tusi mahali pa kuteka maji, au mbuzi aliyevunjwa mguu, au mwanamke aliyezuiwa njia. Siku ya nne au ya tano ndipo mtu alipobebwa kwenda kuzikwa.

Kadhi wa bonde hilo, Shurahbili bin Wazia, Allah amrehemu, aliligundua jambo hilo kwa kuwa alikuwa amewasalia maiti wengi mno. Akamwita Sheikh Ghailani bin Hamidi, msuka mikeka wa Banu Dhari, mtu mchamungu ambaye hata Banu Aslafi walimwamini ulimi wake. Akamwambia:

"Ewe Ghailani, mimi husikia habari damu ikishamwagika. Nataka mtu wa kunisikilizia kabla. Kila siku baada ya Alasiri tembea juu na chini. Ukisikia ugomvi, nenda ukaone kwa macho yako, uwaulize wa pande zote mbili, kisha uandike: siku gani, wapi, nani na nani. Kila Alhamisi utatusomea mbele ya wazee wa koo zote mbili, nasi tutawahi kupatanisha."

Sheikh Ghailani akaipokea kazi hiyo kuwa ni ibada. Alisaidiwa na Bi Thuwaiba, mkunga aliyezalisha wanawake wa pande zote mbili, ambaye aliingia nyumba asizoweza kuingia mwanamume. Habari ikiletwa, Sheikh alikwenda siku hiyo hiyo, hata kama jua lilikuwa kali. Alipima urefu wa jeraha kwa kidole. Aliuliza, akauliza tena. Na Alhamisi ikifika, wazee waliposikia kwamba mahali fulani watu wametukanana mara tatu kwa wiki moja, walikwenda wakaketi nao mpaka nyoyo zikalainika. Ikapita miaka mitatu, wala hakuuawa mtu.

Ndipo Mola alipomtahini mja wake kupitia mlango asioutazamia.

Siku moja Bi Thuwaiba alimjia amefunika uso kwa ushungi wake. "Sheikh," akasema, "kuna mzee kavunjwa mkono huko chini. Ni Jundubu, mchungaji. Nenda mwenyewe ukasikie, mimi sitaki kulitaja jina la aliyemvunja."

Sheikh alipofika, alimkuta Mzee Jundubu ameketi mlangoni mwake, mkono umefungwa kwa vipande vya mti. Sheikh akamsalimu, akamwuliza: "Ami Jundubu, nani kakutenda hivi?"

"Nuaimu, ndugu yako wa tumbo moja," akajibu mzee bila ya hasira. "Alikuwa akiziba mfereji ili maji yote yabaki kwenu. Nikamwambia, mcha Allah, kondoo wangu wanakufa kiu. Akanipiga kwa mpini wa jembe."

 Mzee akaendelea: "Wanangu nimewaambia nimeteleza. Nikisema kwa ulimi wangu, watachukua mapanga leo hii. Lakini ukiandika wewe na ikasomwa barazani, Kadhi atamwita ndugu yako, atakiri, na yatakwisha kwa maneno. Sitaki kisasi. Nataka iandikwe tu."

"Nitaandika, ami," akasema Sheikh.

Akarudi nyumbani, akamkuta Nuaimu anamsubiri. Nuaimu hakukana. Alilia, akamshika ndugu yake miguu. "Nilighadhibika, shetani akanipanda. Ukinisoma mbele ya Banu Aslafi nitaonekana vipi? Na mama yetu, katika uzee wake huu, atainua vipi uso wake? Wewe umeandika ya watu wote kwa miaka mitatu. Hili moja tu nisitiri."

Na nafsi, ndugu zangu, ni mwanasheria hodari. Ilimwambia Sheikh Ghailani kwamba kumsitiri Mwislamu ni jambo jema, na kwamba yeye hataandika uongo, ataacha ukurasa mtupu tu, na kuacha si kusema uongo. Akaacha.

Alhamisi ikafika. Akasoma habari mbili tatu ndogo, akafunga daftari. Kadhi akamwuliza: "Ndiyo hayo yote?"

"Ndiyo hayo yote, ewe Kadhi."

Mzee Jundubu alikuwepo, ameketi na wazee wa Banu Aslafi. Mmoja wao akamtazama mkono wake, akasema: "Ami, nawe umepatwa na nini?"  Jundubu alimtazama Sheikh Ghailani, akasubiri, kisha akasema kwa upole: "Muulizeni mwenye daftari."

Macho yote yakamgeukia. Na hapo yule ambaye watu walimwamini ulimi wake akasema: "Aliteleza mferejini."

Mzee Jundubu akainuka taratibu, akajikung'uta kanzu kwa mkono wake mzima, akatoka. Inasemekana Sheikh Ghailani aliporudi nyumbani hakuweza kumaliza sala yake kwa utulivu. Alisujudu akakosa la kusema.

Tangu siku hiyo habari kutoka chini zikakatika. Alhamisi baada ya Alhamisi daftari lilikuwa jeupe, na wazee wakamshukuru Allah kwa amani, wakamsifu Sheikh, naye kila sifa ilimchoma. Akamwuliza Bi Thuwaiba: "Hakuna neno huko chini?"

"Watu wa chini hawana habari za kukupa, Sheikh."

"Wamepatana?"

 "Wanaongea wao kwa wao," akasema. "Mimi nikiingia, wananyamaza. Wananiona mtu wako."

Sheikh akafahamu. Kila asubuhi alijiambia atakwenda kwa Kadhi, na kila Adhuhuri akaona haya.

Siku ya arubaini na moja, mfinyanzi mmoja wa Banu Dhari aitwaye Musahiri, mtu mnyenyekevu asiyewahi kugombana na yeyote, aliinama mferejini kutawadha kwa ajili ya Alasiri. Labidi, mtoto mkubwa wa Jundubu, aliyekwisha kuujua ukweli wa mkono wa baba yake kwa minong'ono ya watu wa chini, akamchoma kisu cha ubavuni kwa sababu tu alikuwa wa Banu Dhari. Kabla ya maji kusafika damu, koo mbili zilikuwa zimesimama uwanjani na silaha, na Musahiri amelazwa msikitini hali yake mbaya.

Kadhi akajitia katikati, akapaza sauti: "Ghailani! Lete daftari. Tusomee ya siku hizi arubaini, tujue nani kamwanza mwenziwe!"

Sheikh akalifungua. Kurasa zilikuwa nyeupe. Kila aliyesimama pale angeona kwamba Banu Aslafi wamemwaga damu bila ya kuchokozwa, na angeona hivyo kwa ushahidi wa mtu mwaminifu. Nuaimu alikuwa nyuma yake, akamnong'oneza: "Soma hivyo hivyo, ndugu yangu. Soma."

Sheikh Ghailani akapiga magoti mavumbini mbele ya watu wote.

"Hapa pana ukurasa sikuuandika," akasema. "Ndugu yangu Nuaimu alimvunja mkono Mzee Jundubu kwa dhulma. Nililijua. Niliahidi kuandika nikaacha, na nilipoulizwa nikasema uongo mbele yenu. Banu Aslafi walikuletea dhulma yao, ewe Kadhi, wakaileta mpaka mkononi mwangu, nikaifunga. Kisu ni cha Labidi, lakini njia nimempa mimi."

 Nuaimu akamtemea mate, akamwambia asimwite tena ndugu. Mwanamke mmoja wa Banu Dhari, mke wa Musahiri, akasema: "Ulijua, na mume wangu ukamwacha akatawadhe pale?"  Lakini wa Banu Aslafi waliokuwa wameshika mapanga waliyateremsha mmoja mmoja, kwani kitu walichokuwa wakikingoja kwa siku arubaini kilikuwa kimesemwa hadharani, na kimesemwa na mtu wa upande wa pili.

Allah akamjaalia Musahiri uhai, ingawa hakuweza tena kusimama wima. Kadhi akahukumu Labidi afanye kazi ya kufinyanga na kuchoma vyungu kwa ajili ya nyumba ya Musahiri maadamu Musahiri yu hai, na Nuaimu akamwombe radhi Jundubu mbele ya koo zote mbili na azibue mfereji kwa mikono yake.

Kisha Sheikh Ghailani akalirudisha daftari. "Mpe mwingine, ewe Kadhi. Mimi sistahiki."

"Hustahiki, kweli," akasema Kadhi. "Lakini unataka kwenda kujificha nyumbani, na hilo sikupi. Utaandika, Bi Thuwaiba atashuhudia kila neno, na kila Alhamisi utaanza kwa kutusomea ukurasa ule, mwaka mzima."

Akausoma mwaka mzima, na sauti yake ilikatika mahali pale pale kila mara. Alikwenda kwa Mzee Jundubu mara tatu kumwomba msamaha. Mara ya tatu mzee akamwambia: "Mkono umepona, alhamdulillahi. Lile neno lako barazani ndilo bado linaniuma," akafunga mlango.

Ikapita miezi. Asubuhi moja, wakati wa Dhuha, Sheikh akiwa anasuka mkeka uani, akabishiwa hodi. Alikuwa Mzee Jundubu, ameshika fimbo, amechoka kwa kupanda.

"Andika," akasema. "Jana mwanangu Labidi amemtisha mchungaji wa kwenu kwa maneno mazito. Nimeyasikia kwa masikio yangu. Andika jina lake, na jina la baba yake."

Sheikh akachukua kalamu, akaandika kama alivyoambiwa. Alipomaliza hakuweza kuinua uso. "Ami," akasema, "je, umenisamehe?"

Mzee Jundubu akaegemea fimbo yake. "Sijui," akajibu. "Leo nimekuja kuandikisha."

Akageuka, akaanza kuteremka kwao.

Ndugu zangu, Sheikh Ghailani aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wanafunzi wake walipomwomba awasimulie wema alioufanya katika bonde lile, hakuwasimulia ila kisa hiki, na alikisimulia ameinamisha kichwa. Nasi tumwombe Mola atupe ulimi wa kushuhudia haki juu ya jamaa zetu kabla hatujalazimishwa na damu ya asiye na hatia. Na yeyote miongoni mwetu mwenye ukurasa aliouacha mtupu, anajua mwenyewe ni wa siku gani.