Pengo Kati ya Mapipa

Hapo zamani, zamani ile ya karibu ambayo baadhi yenu mlikuwa mmekwisha kuzaliwa, palikuwa na mji uitwao Isengwa. Haukuwa mji mkubwa. Ulikuwa na barabara moja ya lami, na barabara hiyo ilibeba kila kitu: malori ya pamba, magari ya wafanyabiashara, mikokoteni, na baiskeli. Baiskeli kuliko vyote. Kule Isengwa bibi harusi alipelekwa kwa mumewe kwa baiskeli, mgonjwa alipelekwa hospitali kwa baiskeli, na kuku, mkaa na maziwa vilifika sokoni kwa baiskeli.

Kando ya lami palikuwa na njia ya udongo, na hiyo ndiyo waliyopita wenye baiskeli. Mwaka mmoja wakaja watu wa kuchimba mabomba ya maji. Wakaichimba njia ile toka stesheni hadi sokoni, ikawa handaki. Wenye baiskeli wakapanda juu ya lami. Magari nayo yalikuwa juu ya lami. Haukupita muda, muuza maziwa mmoja aitwaye Mabula akagongwa na lori, akafa.

Ndipo halmashauri ikaleta mapipa. Yalikuwa mapipa ya zamani ya mafuta, yakajazwa mchanga nusu, yakapakwa chokaa, yakapangwa mstari mmoja upande wa kushoto wa barabara ukitoka sokoni. Wakasema, "Ndani ya mapipa ni baiskeli, nje ya mapipa ni magari. Hii ni njia ya muda, mpaka handaki lifukiwe."

Wenye baiskeli wakasema, "Alhamdulillahi, tumepata pumzi."

Madereva wakasema, "Barabara imenyolewa upande mmoja, na sisi ndio tuliokatwa na wembe."

Tangu siku hiyo mji ukagawanyika. Dereva akikutana na mwenye baiskeli kwenye chai, mmoja anahama benchi.

Katika mji huo alikuwapo mwanamke aitwaye Nyamizi. Alikuwa mjane, anaishi na mama yake aliyekwisha kuzeeka, na riziki yao ilikuwa majaruba ya mpunga bondeni, nyuma ya stesheni. Mumewe alimwachia majaruba na baiskeli, akavitunza vyote viwili. Asubuhi moja, mvua za kupandia zikiwa zimekaribia na miche yake imeshasimama kitaluni, alikwenda sokoni kununua jembe. Alilifunga kwenye kerea nyuma ya baiskeli, akashika njia ya kurudi nyumbani, ndani ya mapipa kama ilivyoamriwa. Kushoto kwake maduka, kulia kwake mapipa, na ng'ambo ya mapipa foleni ya magari.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, maana yalitokea upesi.

Mbele yake alitokea Lugendo, muuza kuku, anakuja kinyume. Nyuma ya baiskeli yake kuna tenga la kuku, pana kuliko mlango wa nyumba. Nyamizi akamwona, akaanza kupunguza mwendo, akijua kwamba atajibanza kwenye pipa kama siku zote, Lugendo apite. Wakati huohuo, kutoka kwenye foleni, gari likapiga honi. Honi ndefu, sikioni kabisa. Nyamizi akashtuka, usukani ukakata kulia. Angekuta pipa, angeliegemea. Hakukuta pipa. Mahali pale mapipa mawili yalikuwa yameondolewa, palikuwa na pengo. Akatokea katikati ya pengo, akaanguka juu ya lami, mbele ya gari lililopiga honi. Gari likasimama, halikumgusa. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika.

Lugendo aliitupa baiskeli yake. Tenga likapasuka, kuku wakatawanyika barabarani na wengine hakuwaona tena. Akampakia Nyamizi kwenye baiskeli ileile ya Nyamizi, akaisukuma mbio hadi hospitali. Mkono ukafungwa plasta, na daktari akasema mpunga wa mwaka huu hataupanda yeye.

Nyamizi alipotoka pale hakulilia mkono. Aliililia miche. Mpunga hausubiri mfupa uunge. Na msimu ule kila mtu yuko jarubani kwake. Jirani mwema kuliko wote husimama tu mlangoni, akakupa pole, akaenda jarubani.

Habari ikafika halmashauri. Madereva wakasema, "Mnaona? Mapipa yanavunja watu, yaondoeni." Wenye baiskeli wakasema, "Bila mapipa tutakufa kama Mabula." Halmashauri ikamwita mwenyekiti wa mtaa, mwanamke aitwaye Mama Holo, ikamwambia, "Sikiliza shauri hili. Kosa likiwa la madereva, mapipa yatabaki. Kosa likiwa la wenye baiskeli, mapipa yataondoka."

Mama Holo akaongeza la kwake. Akasema, "Na atakayepatikana na kosa ataingia jarubani kwa Nyamizi, apande mpunga mpaka uishe, ndipo apande wa kwake."

Siku moja kabla ya baraza, wenye baiskeli walimtuma fundi wao wa baiskeli kwa Nyamizi. Akakaa kwenye kigoda, akaikunja kofia mikononi.

"Dada Nyamizi, pole na mkono."

"Nimeshapoa, kaka."

"Kesho utaulizwa. Taja honi. Taja na pengo. Lakini Lugendo usimtaje kwamba alikuwa anakuja kinyume. Ukimtaja, mapipa yanaondoka, na sote tunarudi kati ya malori. Mabula alikuwa jirani yako wewe."

Nyamizi alimkumbuka Mabula, na vikombe alivyoviosha siku ya matanga yake. Akamkumbuka Lugendo na kuku wake, na jinsi alivyokuwa akihema akisukuma baiskeli, akimwambia, "Vumilia dada, tumefika," na bado hawajafika. Fundi alipoondoka, mama yake akamuuliza, "Utasemaje?"

"Sijui, mama. Nikisema kweli nitawaumiza walionisaidia. Nikiificha, nitakuwa nimeuvunja na ulimi."

Kesho yake baraza likakaa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, madereva upande huu, wenye baiskeli upande huu. Mama Holo akasema, "Nyamizi, tueleze."

Nyamizi alisimama, mkono umening'inia shingoni. Alisema yote. Alitaja pengo. Alitaja honi. Na mwisho, sauti imeshuka, akamtaja Lugendo kwamba alikuwa anakuja kinyume. Lugendo mwenyewe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesema, ni kweli.

Mama Holo akauliza, "Nani aliondoa mapipa?"

Akasimama Shija, dereva wa gari dogo la mizigo. Akasema, "Mama Mwenyekiti, ni mimi. Miaka yote nashusha unga kwenye duka lile. Yalipokuja mapipa, niliambiwa nisimame wapi? Nikisimama barabarani, naufunga mji mzima, na wapagazi wangu wanakatiza mbele ya baiskeli na magunia mabegani. Nikaondoa mapipa mawili nisogee. Nimeshusha, nataka kuyarudisha, wa nyuma wananitukana nisogeze gari. Nikasogea, nikasema nitarudi kwa miguu. Nilipokuwa narudi, dada alikuwa ameshaanguka. Pengo ni langu. Lakini pengo halimvuti mtu. Watu wangapi walipita pale salama kabla yake?"

Mama Holo akauliza, "Nani alikuja kinyume?"

Akasimama Lugendo. Akasema, "Mama Mwenyekiti, ni mimi. Lakini mapipa yalipangwa upande mmoja tu. Aendaye nyumbani ana njia. Aendaye sokoni je? Nitoke nje ya mapipa, niende upande wa pili kati ya malori, na tenga nyuma, nife kama Mabula? Sote tunakuja kinyume, na tunapishana: mmoja hujibanza kwenye pipa, mwingine hupita. Siku ile pia tungepishana. Kinyume ni kwangu. Lakini sikumgusa, na nilipomwona anaanguka niliacha mali yangu nikambeba."

Mama Holo akauliza, "Nani alipiga honi?"

Akasimama Kasembo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akiendesha gari lake mwenyewe. Akasema, "Mama Mwenyekiti, ni mimi. Nilikuwa upande wangu, sikuvuka mstari. Niliona baiskeli mbili zinakaribiana, nikapiga honi kuonya. Alipoanguka nilishika breki kwa miguu yote miwili. Dereva mwingine angempitia. Honi ni yangu. Lakini honi ni sauti tu, haina mikono ya kumsukuma mtu."

Nyamizi akasema, "Kaka Kasembo, honi ilikuwa ndefu. Ya kuonya huwa fupi."

Kasembo akatazama viatu vyake, akasema, "Ni kweli, ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimekaa kwenye foleni ile mpaka shati limenigandia mgongoni, na ninyi mnapita hapo pembeni mnateleza kama maji. Lakini sikukupigia wewe, dada. Niliyapigia mapipa."

Watu wakaguna. Mama Holo akaegemea kiti. Akasema, "Shija hakuacha pengo ili mtu aanguke. Lugendo hakuja kinyume ili mtu aanguke. Kasembo hakupiga honi ili mtu aanguke. Na mtu ameanguka. Nyamizi, wewe ndiye uliyeumia. Unasema kosa ni la nani?"

"Mama, ningekuwa na uwezo wa kumtoa mmoja na bado nikaanguka, ningejua kwamba huyo hana kosa. Nimejaribu kumtoa kila mmoja. Nikimtoa yeyote, sianguki."

Mama Holo akasema, "Basi nipeni siku kidogo."

Baraza likaondoka bila hukumu. Na mvua, ambayo haikuwa na habari na baraza, ikanyesha jioni ileile.

Asubuhi yake Isengwa yote ilikuwa bondeni. Nyamizi naye akashuka jarubani kwake. Kupanda mpunga kunataka mikono miwili: huu unashika fungu la miche, huu unachomeka. Yeye alilipachika fungu kwenye kitambaa kilichobeba mkono uliovunjika, akawa anachomoa kwa kushoto na kuchomeka kwa kushoto. Mstari ukaenda upogo. Maji yakampata magotini, na kila akiinama mkono unamchoma. Jua lilipokuwa kali bado hajamaliza hata pembe moja.

Akasikia baiskeli inateremshwa juu ya tuta. Alikuwa Lugendo, amekunja suruali.

"Toka majini, dada."

"Hukumu haijafika, kaka Lugendo."

"Mvua imefika."

Akaingia matopeni. Nyamizi akatoka, akakaa juu ya tuta, akawa anamgawia miche. Lugendo alipanda siku ile, akapanda kesho yake, akapanda keshokutwa. Na majaruba yake mwenyewe, ng'ambo ya bonde, yalikuwa yamelala na maji bila mche hata mmoja.

Siku ya tatu Shija alipita barabara ya juu, akasimamisha gari, akashuka hadi tutani. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, "Lugendo, unajua unachofanya? Mwenyekiti alisema mwenye kosa ataingia jarubani. Umeingia. Madereva watasema umekiri."

Lugendo akanyoosha mgongo. "Na wewe kwa nini hukuingia, ili waseme umekiri wewe?"

Shija akasema, "Kwa sababu sina hakika kama kosa ni langu."

"Mimi pia sina hakika," Lugendo akasema, akainama tena, akaendelea kupanda wiki baada ya wiki mpaka majaruba ya Nyamizi yakaisha.

Ikawa kama Shija alivyosema. Madereva walikwenda halmashauri, wakasema, "Shauri limekwisha, mwenye baiskeli ameingia matopeni kwa miguu yake." Mama Holo akapinga. Akasema, "Mimi sijahukumu." Halmashauri ikajibu kwamba mtu akijihukumu mwenyewe, hakimu ana kazi gani? Wakayaondoa mapipa. Mpaka handaki lilipofukiwa, wenye baiskeli wa Isengwa walitembea kwa miguu wakizikokota baiskeli zao milangoni mwa maduka, na hawakumsalimu Lugendo. Fundi wao alimwambia, "Ungengoja kidogo tu."

Mavuno yakafika. Jaruba la Nyamizi lilizaa vizuri, isipokuwa ile pembe iliyopandwa upogo, nayo ilizaa hivyohivyo, upogo. Majaruba ya Lugendo, yaliyopandwa mvua ikiwa ukingoni, yalitoa mpunga mwembamba, mapepe matupu, na watoto wake wakala hayohayo. Nyamizi akajaza gunia, akalifunga kwenye kerea, akaisukuma baiskeli hadi kwa Lugendo, mkono wake sasa umepona.

Lugendo alitoka mlangoni, akaliona gunia, akalielewa.

"Lirudishe, dada."

"Kaka, umelala njaa kwa ajili yangu. Hili si hisani, ni haki yako."

"Ukinipa kama haki yangu, umesema sikuwa na kosa, nilikuwa kibarua tu. Nikilipokea, nimekubali. Nami mpaka leo sijui. Nikilala, naliona tenga langu lilivyojaza njia."

"Basi nani atakulipa?"

Lugendo akasema, "Muulize mwenye kosa." Akamkaribisha uji, wakanywa, wakazungumza habari za mvua. Nyamizi akarudi na gunia lake. Njiani alipita mbele ya duka la Kasembo, Kasembo akamwona, akashusha macho. Akapita mbele ya gari la Shija, Shija akaliona gunia, akajua linatoka wapi, akasema tu, "Pole na mzigo, dada."

Gunia lile lilikaa nyumbani kwa Nyamizi, limeegemea ukuta. Hakulipika wala hakuliuza. Na Mama Holo, kila alipoulizwa, alisema bado anafikiri.

Mimi nimewafikisha hapo walipofika wao, sina njia ya mbele. Shija aliacha pengo. Lugendo alikuja kinyume. Kasembo alipiga honi. Mmoja wao aliingia matopeni kabla ya kuamriwa, na kwa kuingia kwake mapipa yakaondoka, na watoto wake wakala mapepe. Haya, ninyi mliokaa hapa na mmesikia yote: je, nani alistahili kuingia katika jaruba lile? Na gunia lililoegemea ukuta wa Nyamizi, nani alistahili kulibeba hadi mlangoni kwa Lugendo, naye asiwe na neno la kulikataa?