Kibuyu Kilichorudi Nyumbani

Mwenye shaka hakung'uti kibuyu. Nimewaambia hivyo asubuhi hii, mlipokuwa mkibishana kama mpande mbegu zote leo au msubiri, na nyote mkanikodolea macho. "Shangazi," mkaniuliza, "hiyo ni sifa au ni tusi?" Mnataka jibu la haraka, kama kawaida yenu. Wekeni majembe chini kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa kijijini mbegu za uwele ziliwekwa ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa juu ya jiko, ili moshi uwafukuze wadudu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwanamke alikwenda nacho shambani, akapanda, kisha akakigeuza na kukikung'uta mpaka punje ya mwisho. Kurudi nyumbani na mbegu ulikuwa mwiko. Mbegu ikirudi, walisema, mvua nayo hurudi ilikotoka. Nani aliyeanza kusema hivyo sijui, na wazee niliowauliza hawakujua pia, ila walinikaripia kwa kuuliza.

Sechelela alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu. Mavuno yaliyopita yalikuwa mabaya, na mumewe, Ndahani, alikwenda mbali kuhemea chakula. Nyumbani akabaki yeye na mama mkwe wake, Mama Mbeho, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Walikuwa wakinywa uji mwembamba mara moja kwa siku. Kibuyu cha mbegu kilikuwa kimoja, na chakula chao cha mwaka mzima kilikuwa humo.

Mwaka ule msimu uliwavuruga watu wote. Migunga ilichipua kabla ya wakati. Korongo walikuja, wakazunguka siku mbili, wakarudi walikotoka. Kumbikumbi wakatoka ardhini jua likiwaka, bila hata tone la mvua. Watu walikuwa wameshachoma mabua ya zamani na kumwaga samadi, na sasa walisimama mashambani wakitazama juu. Huyu akisema mvua ni kesho, yule akisema ni mwezi ujao.

Kisha ikanyesha, siku moja na nusu, mvua ya kishindo. Kijiji kizima kikakimbilia mashambani. Mama Mbeho magoti yalimuuma, akamkabidhi mkwewe kibuyu. "Panda, ukung'ute, urudi," alisema.

Sechelela alipanda mpaka akafika katikati ya shamba, na hapo jembe lilizama zaidi kidogo, likaibua vumbi. Juu matope, chini vumbi! Akachimba pengine. Huko kulikuwa na unyevu. Akachimba pa tatu, vumbi tena. Alitazama mbingu, akaona wingu upande mmoja na jua upande mwingine. Majirani walikuwa wanakung'uta vibuyu vyao na kuimba. Akakigeuza cha kwake pia, lakini kiganja chake kilikuwa kimeziba mdomo wa kibuyu, na hakikutoka. Alisimama hivyo muda mrefu, amechanganyikiwa, anaogopa kukung'uta na anaogopa kutokung'uta. Mwishowe akakifunika kwa kanga, akarudi nacho nyumbani, akakitundika mahali pake. Nusu ya mbegu ilikuwa bado ndani.

Uwele ukaota vizuri. Halafu jua likawaka siku kumi na nane mfululizo. Miche ikanyauka, ikawa majivu. Watu wakaanza kuulizana ni nani aliyevunja mwiko, na Sechelela alipowasikia kisimani aliteka maji upesi, akaondoka. Je, ni yeye? Hakujua. Alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Siku ya kumi na tisa Mama Mbeho alikishusha kibuyu ili akifute masizi. Akakikuta kizito. Akakitikisa, kikalia.

"Sechelela! Hiki nini?"

"Mbegu, Mama."

"Umerudisha mbegu nyumbani? Kijiji kizima kinakauka, kumbe njaa umeileta wewe, umeitundika juu ya jiko langu!"

"Sijui kama ni mimi, Mama. Kweli sijui. Nilichimba nikaona vumbi, nikachimba nikaona maji. Nilishindwa kukung'uta."

"Ulishindwa! Kesho utarudi kwa baba yako. Ndahani akija nitamweleza mwenyewe."

Sechelela alifunga nguo zake akilia. Alfajiri, kabla hajatoka mlangoni, mvua ikaanza. Ilinyesha taratibu siku tatu, ikalowanisha ardhi mpaka ndani kabisa. Lakini hakukuwa na nyumba nyingine iliyobaki na mbegu. Vibuyu vya wengine wote vilikuwa vimekung'utwa. Watu walilowa mvua nzuri wakiwa mikono mitupu, na baadhi yao walilia.

Mama Mbeho alikaa na kibuyu mapajani asubuhi nzima.

"Mimi nilikuwa na hakika," alisema mwishowe. "Kama ningekwenda mimi, mwanangu, leo tungepanda nini?"

Sechelela alilifungua furushi la nguo zake.

Wakaenda shambani pamoja, mama mkwe akijikongoja kwa fimbo. Njiani wakampa jirani yao Chiloleti viganja viwili, maana alikuwa na watoto watano. Wakapanda mpaka jioni. Mwisho wa mstari wa mwisho, Mama Mbeho akakigeuza kibuyu kwa mazoea ya miaka arobaini. Mkono wake ukasita hewani. Akakiinua tena, akauziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi, akajitwika kichwani na kupita nacho katikati ya kijiji, watu wote wakiona.

"Mama Mbeho!" Chiloleti alimwita kwa mshangao. "Mbona hukukung'uta?"

"Nina shaka," alijibu, bila kusimama.

Mvua ile ilikaa, uwele ukakomaa, na Ndahani aliporudi aliwakuta wote wawili nyumbani. Mbegu zilizobaki hazikuhitajika mwaka huo. Zilikaa juu ya jiko, na tangu siku hiyo hapa kwetu hakuna aliyeaibika kurudi na mbegu.

Haya, chukueni majembe yenu. Mmeniuliza kama leo ndiyo mvua yenyewe, na mimi shangazi yenu, kwa umri wangu wote huu, sijui. Pandeni nusu. Mwenye shaka hakung'uti kibuyu.