Chenso Iliyowashwa Kila Jumamosi

Wapendwa, kule nyanda za juu, ambako mwezi wa saba baridi inakufuata hadi ndani ya blanketi, alikuwepo mkulima mmoja aliyekwenda mjini kununua chenso, ule msumeno wa mashine. Mwenye duka akamwuliza, "Unapasua mbao au unakata kuni?"

"Kuni tu. Mara mojamoja."

"Basi chukua hii ndogo. Haina makuu, vipuri vyake vipo, na ukivuta kamba inawaka."

"Hiyo ni ya akina mama," akasema mkulima. "Nipe ile kubwa." Akaibeba begani, akapita nayo katikati ya kijiji ingawa njia ya mkato ilikuwepo. Tunamjua mtu huyu, sivyo? Wengine mmekaa naye benchi moja asubuhi hii.

Ile ndogo ikaja kununuliwa na mama mkwe wake, mjane. Mama huyo alikuwa na jambo lake: kila Jumamosi, awe na kuni za kukata au asiwe nazo, aliiwasha chenso yake, akaiacha ingurume kidogo, akaizima, akaifuta, akaiweka. Mkulima alicheka na rafiki zake kijiweni, kwa siri, maana mkwe hataniwi. "Leo mama anakata upepo," alisema. Ya kwake ilikaa stoo na mafuta ndani ya tangi tangu kiangazi cha mwaka uliopita.

Asubuhi moja, baada ya mvua kunyesha usiku kucha, mke wake akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza. Gari likapatikana, wakaondoka, na hawajafika mbali wakakuta mkaratusi mkubwa umelala barabarani. Kulia mlima, kushoto korongo. Mkulima akakimbia nyumbani, akarudi na chenso yake, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena na tena mpaka kiganja kikachubuka. Ikakohoa, ikanyamaza. Nyuma yake mkewe analia ndani ya gari. Mnaijua hofu ya namna hiyo? Nguvu unazo, mashine unayo, na huwezi kitu.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa juu tu ya barabara. Akapanda. Mtu ambaye kwa mila zao hata kumtazama usoni hathubutu, akapiga magoti mlangoni pake.

"Shikamoo mama. Mwanao yuko njiani kwenda kujifungua, mti umetuzibia. Naomba chenso yako."

"Marahaba, baba," akasema yule mama, tayari anaitafuta. "Kumbe leo siyo upepo?"

Alijua siku zote. Mkulima akainamisha kichwa, akapokea.

Ikawaka kwa mvuto mmoja. Mti ukakatwa kipande kwa kipande, gari likapita, na kabla ya adhuhuri mtoto akalia hospitalini. Mkulima akakaa chini nje ya wodi, akacheka peke yake huku machozi yanamtoka, kwa jinsi moyo wake ulivyotua.

Sasa mnangoja niwaambie tuwe wanunuzi wenye busara. Nani kawaambia sisi ndio wanunuzi? Sisi ndio chenso. Mnunuzi ni Bwana. Siku nyingi hana mti mkubwa wa kutupatia. Ni kuni tu, jirani wa kujuliwa hali, mgeni wa kutengewa ugali. Lakini iko siku mti utalala barabarani, nyuma yake mtu analia, na Bwana atavuta kamba. Tutawaka, au tutakohoa? Sala zetu ndogo za kila siku, zile wanazosema tunakata upepo, ndizo zinazojibu swali hilo.

Na wewe unayejiona uko stoo siku nyingi, usiondoke bado. Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu, aliulizia ile chenso kubwa. Mkulima akasema ataitupa.

"Usitupe, baba. Haijafa. Mafuta yake yamechacha tu."

Wakamwaga mafuta ya zamani, wakasafisha plagi, wakatia mapya. Mkulima akavuta kamba, na bonde zima likasikia.

Hajatutupa, ndugu zangu. Tumwage yaliyochacha. Kisha tuinamishe vichwa, tumwache avute kamba.