Kiboko Aliyeogopa Tumbo la Kompyuta

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kompyuta!
Iwake tusikie!

Hapo kale palitokea ukame mkali. Wanyama wakabaki na kisima kimoja tu, na pampu yake iliendeshwa na kompyuta. Waandishi wa programu walikuwa wawili, Kiboko na Nguchiro. Kiboko aliandika programu tamu, lakini ndani ya sanduku hachungulii. Akiona waya, jasho. Akiona bisibisi, tumbo joto. Nguchiro yeye, palipo tundu, pua imo.

Basi Kiboko akaingiwa na tamaa. Akaandika: maji yote kwa Kiboko! Akaifunga programu kwa nywila, akajitupa bwawani kwake, bwaa! Watoto wa Swala wakalia kiu mpaka sauti zikawakauka.

Nguchiro akabahatisha nywila. Pii! Siyo. Akabahatisha tena. Pii! Siyo. Akaizunguka mashine, akanusa, akacheka. Akafungua kifuniko, kri kri kri, akachomoa kipande cha kumbukumbu. Kompyuta ikalia pii! pii! pii!

"Mjomba Kiboko! Mbio! Mashine ina homa!"

Kiboko akaja, pu pu pu! "Nimekosea mstari gani?"

"Mistari ni mizima, Mjomba. Tumbo ndilo linauma. Hebu chungulia."

"Mimi? Thubutu! Tibu wewe, mpwa wangu!"

"Basi panua kinywa, nikuwekee kipande hiki ulimini, kinataka joto. Ukifunga mdomo, umeme utakurusha mpaka mwezini!"

Kiboko akapanua, aaaa! Machozi yanamtoka, kinywa hakifungi.

 Nguchiro akauchomoa waya wa pampu kwenye kompyuta, akauunga moja kwa moja kwenye betri. Pampu kimya.

"Vipi, kaka?" Mama Swala akanong'ona.

"Ngoja, dada!" Akazigeuza ncha za waya. Cheche, cha! Pampu ikanguruma, guruguruguru! Maji hayo, shwaaa! Wakaja wote, wakanywa, wakajaza mitungi, wakaoga mpaka nyuma ya masikio.

"Aa-aa? Aa-aa-aa?" Kiboko akauliza.

"Bado, Mjomba! Homa ndiyo kwanza inashuka!"

Mpaka leo, ukimkuta Kiboko amepanua kinywa, usidhani anapiga miayo. Anatibu mashine.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: kamwe usifungue kifuniko cha kompyuta. Ukikifungua, majirani watakunywa maji!

Ngano yangu nimeizima. Mwenye yake na aiwashe.