Asali ya Miti Mitatu

Jumanne, tarehe nne Juni, saa tatu na robo asubuhi, tajiri wa mkaa aitwaye Ngassa aliingia kijiji cha Isunga na lori na kibali cha kukata msitu wote, akaajiri vibarua sita wa papo hapo. Tumbaku ilikwisha kufa na vijana wamehama. Kilichobaki ni mizinga ya nyuki, nayo ilining'inia katika miti hiyohiyo.

Nyamizi, mjane aliyeishi kwa kurina asali, hakubishana. Alimwekea Ngassa kigoda na vibuyu vitatu.

"Karibu, baba. Nasikia babu yako alikuwa mrina asali."

"Alinilea hadi miaka saba."

"Ila ulimi ukishazoea mjini hautambui tena asali ya mti gani."

"Nani kasema?" Ngassa alichovya kidole. "Hii ya mti wa mtundu."

"Umebahatisha, baba."

"Lete hicho. Ya mninga. Na hii ya myombo. Mna mti mwingine?"

"Msitu mzima ni miti ya aina hizo tatu tu."

"Basi nimemaliza." Aliwageukia vibarua. "Twendeni."

Hakuna aliyenyanyuka.

"Mzee," alisema nyapara wa vibarua kwa upole, "kwetu aliyeonja asali na kuutaja mti wake haukati mti huo, wala hatumi mtu aukate. Nawe umetutajia yote mwenyewe."

Ngassa alimtazama Nyamizi.

"Nikufungie asali kidogo ya kwenda nayo nyumbani?" aliuliza Nyamizi.

Lori liliondoka tupu. Kesho yake asubuhi Nyamizi aliwaita wale sita kwenye gogo lililoangushwa na upepo, akawapimia urefu wa mzinga mpya wa kwanza wa kuchonga, uwe kazi yao badala ya mkaa.