Ufito wa Sultani Badrudini

Palikuwa na sultani, jina lake Badrudini, aliyetaka kila kitu kimwinamie. Watu walimwinamia. Farasi walifundishwa wakamwinamia. Mnazi wa uani ulikatwa kwa kukosa adabu.

Siku moja, akiwa barazani, alimwona mvuvi akimvuta chewa kwenye hori la bahari. Ufito wake wa kuvulia ukapinda hadi ncha ikagusa maji.

"Ule mti unamwinamia samaki," akamwambia waziri, "na mimi nimekaa hapa."

Akaitwa Faki, mgane mmoja aliyekuwa fundi wa fito za kuvulia.

"Fundi, nitengenezee ufito usiomwinamia yeyote ila mimi. Nakupa siku saba. Ukimwinamia samaki, naukata mkono wako wa kulia."

"Nimesikia, Bwana wangu. Basi naomba mkono wako."

Waziri akachomoa jambia.

"Niupime tu," Faki akasema, akitoa kipande cha ukindu. "Ufito hukatwa kwa mkono wa atakayeushika. Shikio ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, urefu ni mikono minne. Vinginevyo unalitesa bega."

"Mkono wa Sultani haupimwi," waziri akasema. "Hata mshonaji wake hukisia."

Faki akaitazama kanzu ya Sultani. Mkono mmoja uliishia kiwikoni, mwingine uliburuzika sakafuni. 

"Pima mkono wowote," Sultani akasema.

"Wowote, Bwana wangu?"

"Huna masikio?"

Faki akarudi kwake. Akachagua mwanzi uliokauka darini mwaka mzima, akaupitisha juu ya makaa, akaunyoosha pingili kwa pingili, akaupaka mafuta ya nazi. Akaning'iniza jiwe nchani: ukapinda, ukarudi. Pete za kupitishia mshipi alizifunga kwa uzi aliousokota marehemu mkewe. Kilibaki kidonge kimoja tu cha uzi huo. Kiliishia kwenye pete ya mwisho.

Siku ya saba watu wakajaa horini. Sultani akaushika ufito, shikio likamchoma ubavuni. Ndoana ikatupwa. Akanasa samaki mdogo, changu wa kukaa kiganjani.

Ufito ukainama.

Watu wakatazama miguu yao.

"Changu," Sultani akasema. "Afadhali angekuwa chewa. Leteni gogo."

Faki akauweka mkono juu ya gogo bila kusukumwa. "Ufito huu hauna ukaidi, Bwana wangu. Humwinamia mmoja tu, aliye upande wa ndoana. Leo changu amekaa mahali pako."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema Bwana wangu aingie majini, aing'ate ndoana. Usipokuinamia, nikate mikono yote miwili."

Sultani akaitazama ndoana. Waziri naye akaitazama, kisha akarudi nyuma hatua mbili, asije akaombwa kuonyesha mfano.

"Na nikiwa majini," Sultani akauliza taratibu, "ufito ataushika nani?"

"Mimi, Bwana wangu. Uliniambia nipime mkono wowote, nikaupima huu hapa gogoni. Sasa nilitaka kuuliza: mnaukata kabla sijakuvuta, au baada?"