Masizi ya Bomba la Jikoni

Kulikuwa na mama mmoja, wapendwa, huko juu milimani kwenye baridi. Alikuwa ameshanunua jiko la gesi, na lile jiko la kuni la matofali akalivunja. Likabaki bomba lake la moshi, limetoboa dari mpaka nje ya bati, halina kazi. Kila mvua ikinyesha linadondosha maji meusi sakafuni. Na mchana ule wageni wanakuja kuleta posa ya binti yake. Akaita fundi alitoe.

Mtupa jongoo humtupa na mti wake. Mle ndani alikuwamo pia mama mkwe wake, bibi mwenye kikohozi kisichokoma. Huyo naye alishampangia aende kwa wifi mpaka wageni waondoke. Aibu ya kikohozi kile mbele ya wakwe angeiweka wapi? Bibi hakubisha. Alikaa uani na kikapu chake, akisubiri bodaboda.

Fundi akalishusha bomba, akaligonga chini pale uani. Yakamwagika masizi ndoo nzima na zaidi, meusi tititi. Mama akaziba pua kwa kanga, akinung'unika kwamba uchafu wote ule ulikuwa juu ya kichwa chake.

Bibi akayatazama, akasema taratibu, "Mwanangu, hayo yangekuwa kifuani mwako. Mimi mumeo nilimlea kwenye mafiga, moshi wote ukaingia humu. Alipotaka kukuoa nikamwambia, kabla ya kitanda, nunua bomba."

Mama yule akaishusha kanga puani. Miaka yote amepika macho makavu, na hajawahi kuuliza kwa nini. Akakibeba kikapu mwenyewe, akakirudisha ndani, akamkalisha bibi kiti cha mbele. Wageni walipofika, bibi akakohoa. Mmoja wao akauliza kama mzee anaumwa.

"Huo ni moshi wa chakula kilichomkuza mume wangu," mama akajibu. "Tunamshukuru Mungu bado tunaye."

Na bomba je? Lilitolewa, wapendwa, kazi yake ilikwisha. Bomba hutolewa. Mtu hatolewi.

Sisi tuliokaa hapa na mashati meupe, tunadhani yalijifua yenyewe? Kuna mtu alikula moshi kwa ajili yetu. Wengine wako nyumbani sasa hivi, tumewaacha chumba cha nyuma kwa sababu tuna wageni. Tukitoka hapa tusianze na chai. Tuanze na kile chumba, tukaseme asante.